Binti amefaulu, mama hana kitu: waanzie wapi?

Anayejibu maswali ya wasomaji katika safu hii ni afisa maendeleo ya jamii mstaafu, aliyefanya kazi katika kata za Temeke na Ilala, Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama lishe hapa Mbagala Rangi Tatu. Nauza chai, vitumbua na wali maharage kwa makonda na wabeba mizigo. Siku nzuri nikishatoa mkaa, mchele na mafuta nabaki na elfu nane au kumi. Siku ya mvua narudi na sufuria yangu ya wali nyumbani. Mume wangu alifariki hospitali hapahapa Temeke, binti yetu akiwa darasa la sita, tukamzika kwao Kilwa. Binti sasa amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri. Walimu wake wanasema aombe mkopo wa Bodi. Kijana mmoja wa steshenari anasema nimpe elfu hamsini atuhakikishie mkopo unatoka. Cheti cha kifo cha baba yake sina, nina kile kibali cha mazishi tu. Halafu cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinaishia na jina la babu, shuleni wakamwandika jina la ukoo. Kaka yangu mwalimu nimemwomba awe mdhamini, anaogopa atakatwa mshahara. Mama, nianzie wapi?
*Mama lishe, Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mtoto aliyesomeshwa kwa vitumbua mpaka kidato cha sita amebebwa na mikono yako, na pa kuanzia papo.

Kwanza huyo kijana wa steshenari usimpe hiyo elfu hamsini. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza kuhakikisha mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na hailipwi mkononi mwa mtu. Mfumo wenyewe wa maombi unakupa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, fedha inakwenda serikalini. Kijana mlipe kazi yake ya kuchapa, kuskani na kutoa kopi, hiyo ni halali yake. Lakini nywila ya akaunti ya binti aijue binti peke yake, na namba ya simu inayoandikwa iwe ya kwake. Nimeona watoto waliofunguliwa akaunti kwa namba ya mwenye duka, ujumbe wa kurekebisha fomu ukaja kwenye simu ya mwenye duka, muda ukapita.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, maana katika miaka yangu yote ya kazi sikuona watoto wa maskini wakikwama kwa kukosa sifa kama nilivyowaona wakikwama kwa kukosa vyeti. Mtoto yatima kweli, kila jirani anajua, lakini kwenye mfumo baba yake yu hai kwa sababu hakuna cheti kinachosema vinginevyo. Anayekaa kwenye kompyuta kupanga mikopo hakujui wewe na sufuria yako. Anaijua karatasi iliyopakiwa.

Kibali cha mazishi kilikuruhusu kuzika, cheti cha kifo bado hujapata. Dar es Salaam zipo familia nyingi zenye kibali hicho ndani ya mfuko wa nailoni, zikidhani kazi imeisha. Kitoe, toa kopi mbili, upeleke ofisi ya usajili ya wilaya, palipo na huduma ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Na usisafiri kwenda Kilwa. Kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea, si kaburi lilipo. Mume wako alifia Temeke, basi ni Temeke. Beba pia kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, na chochote chenye jina la marehemu.

Ukikipata cheti, bado hujamaliza. Bodi inataka vyeti vya kuzaliwa na vya vifo viwe vimehakikiwa na RITA. Uhakiki unaombwa kwa mtandao, unapakia cheti, unalipa ada yake, unasubiri majibu. Ukisubiri mpaka dirisha la mikopo lifunguliwe utajikuta kwenye foleni moja na nchi nzima. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka. Wewe fanya kazi hii sasa, hata kabla tangazo halijatoka.

Jina nalo lisikunyime usingizi, ila usiliache. Maombi ya mkopo yanakwenda na majina ya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu namba ya mtihani ndiyo inayomtambulisha. Cheti cha kuzaliwa kikisema vingine, inatakiwa hati ya kisheria inayoonyesha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mara nyingine hati ya kiapo inatosha, mara nyingine inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Wakili ndiye atakayesema baada ya kuviona vyeti. Najua neno wakili linakutia hofu ya hela. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na hapa Dar kuna taasisi zinazosaidia wanawake wasio na uwezo bila malipo, kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Nenda asubuhi na vyeti vyote. Waulize pia kuhusu kitambulisho cha NIDA cha binti, jina lililomo humo lisije likawa la tatu.

Halafu kuna kujaza fomu yenyewe. Pale panapoulizwa kazi ya mzazi, wengi wenu mnaona aibu. Mama anauza vitumbua, mtoto anaandika "mfanyabiashara". Mwanangu, mfanyabiashara ni yule mwenye duka la jumla Kariakoo pia. Andika mama lishe. Andika kwamba baba amefariki. Usipunguze kipato ukajifanya hupati kitu kabisa, na usikiongeze kwa kulinda heshima, andika kile unachobaki nacho. Kama kuna msikiti, kanisa au taasisi iliyomlipia binti michango alipokuwa sekondari, nendeni mkaombe barua, kwa sababu kufadhiliwa sekondari ni ushahidi unaohesabika. Kama kaya yenu imo TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini, ile namba ya kaya iandikwe. Kama kuna ulemavu, kuna fomu ya daktari. Kila kimoja kati ya hivi kinasema jambo ambalo kinywa chako hakitapata nafasi ya kulisema.

Fomu ikishajazwa mtandaoni inachapwa, inasainiwa na binti, mdhamini na serikali ya mtaa, inathibitishwa na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa tena. Mtaani kwako mtendaji atagonga muhuri. Ukiombwa fedha, omba risiti. Na angalia skani kabla ya kutuma: muhuri uonekane, saini isikatwe pembeni. Mambo madogo hayo yamewarudisha wengi nyuma.

Kwa kaka yako mwalimu, msomee hivi. Anayekatwa ni aliyesoma. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Ile ada ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwaumiza wahitimu kwa kulifanya deni lisipungue, ilifutwa mwaka 2021. Lakini usimfiche mjomba mtu. Mdhamini ameweka saini kwamba anamjua huyu mkopaji na kwamba deni litalipwa, siyo shahidi wa kupita. Asome ukurasa wake mwenyewe, akubali kwa moyo, na binti awe amekaa hapo akisikia. Mimi nimependa sana familia zinazofanya jambo hili mezani, wote wakiwepo.

Mkishatuma, msikae mkikodolea orodha ya kwanza. Majina hutoka kwa awamu, na binti ataona hali yake kwenye akaunti yake ya mfumo. Mkopo pia si lazima uwe wa vyote. Bodi inapima uhitaji, inaweza kutoa fedha ya chakula na malazi na sehemu tu ya ada. Fedha ya kujikimu, bumu kama wanavyoiita wenyewe, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inatolewa kwa mafungu, na fungu la kwanza laweza kuchelewa wakati mtoto ameshafika chuoni. Kwa hiyo ule mchezo wako wa kupokezana, kama unacheza, omba upangiwe zamu ya mwezi wa kufungua chuo. Godoro, nauli na chakula cha wiki za mwanzo vitoke hapo. Akipewa kidogo au akikosa, baada ya awamu hufunguliwa dirisha la rufaa. Watu wengi hawakati rufaa kwa sababu wanadhani ni ugomvi. Kateni, mkiambatisha kile kilichokosekana mwanzo.

SWALI: Ananiandikia mjukuu wangu. Mimi ni bibi wa miaka 67, naishi Tandale chumba kimoja cha kupanga na wajukuu watatu, mama yao alitangulia mbele ya haki. Nachambua dagaa kwa watu na kufua nguo. Jirani yangu anapata fedha za TASAF. Mtu mmoja amepita akasema nimpe elfu ishirini ananiandikisha. Sina. Naomba kujua hizo fomu zinatolewa wapi ili nikachukue mwenyewe.
*Bibi wa Tandale*

JIBU: Shikamoo bibi. Fomu ya kuchukua mwenyewe haipo, na hiyo elfu ishirini ni wizi.

TASAF ilianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza mwaka 2012, ukaingia kipindi cha pili Februari 2020. Kaya haziombi kuingia, zinatambuliwa. Unaitishwa mkutano wa mtaa, wakazi wanataja kaya zenye hali duni kuliko zote, kisha wanapita wataalamu na dodoso: mnakula milo mingapi, nyumba ina nini, nani anafanya kazi, watoto wako shule? Majibu yanapimwa, na orodha inarudishwa kwa jamii.

Utaratibu huu ulitungwa kwa mahali ambapo watu wanajuana, na nasema wazi kwamba mjini unawaacha watu. Kijijini kila mtu anajua jiko la nani halijawaka. Tandale mpangaji wa chumba cha uani aweza kukaa miaka na mwenyekiti asimjue sura. Siku ya mkutano wanatajwa wenye ndugu na wenye sauti. Kwa hiyo bibi, kazi yako ni kujulikana kabla ya siku hiyo. Mjukuu wako mkubwa akusindikize ofisi ya serikali ya mtaa. Mwambie mtendaji unavyoishi, wajukuu wangapi, mama yao yuko wapi, na uombe uandikwe kwenye daftari la wakazi. Muulize utambuzi utafanyika lini, maana haufanyiki kila mwezi, unakwenda kwa vipindi. Mikutano ya mtaa ikiitishwa, nenda, hata kama kikao kinahusu taka na mitaro. Ukiwapo mtu anakukumbuka.

Mtendaji asipokusikia, ngazi inayofuata ni mratibu wa TASAF pale Manispaa ya Kinondoni. Ni ofisi yako, usisimame mlangoni ukiomba radhi. Na yule wa elfu ishirini, ripoti yake ni TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, namba 113, kupiga ni bure. Mjukuu apige.

Ukiingia kwenye Mpango, ujue kuna masharti: watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki. Malipo huja kwa vipindi, na siku hizi mengi yanapita kwenye simu au benki. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako wewe, si la jirani mwema.

Kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo hukuliuliza, na ni lako leo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Jambo hili limo tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Serikali ya mtaa inakutambua, afisa ustawi wa jamii anashughulikia kitambulisho cha msamaha. Siku hiyohiyo unayokwenda kwa mtendaji, beba picha ndogo mbili na kitambulisho chako, uulize na hili. Usingoje presha ipande usiku ndipo mjukuu aanze kutafuta muhuri.

SWALI: Habari za kazi mama. Tuko wanawake saba, tunauza mboga na matunda soko la Buguruni. Tunasikia halmashauri inakopesha wanawake bila riba. Wengine wanasema ilishafutwa, wengine wanasema ni ya wenye chama. Ukweli ni upi?
*Wauza mboga, Buguruni*

JIBU: Salama wanangu. Haikufutwa, ilisimamishwa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hakuna riba. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha utoaji kwa sababu fedha nyingi zilikuwa zimechukuliwa na vikundi hewa na hazikurudi. Mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dar es Salaam, ambako Buguruni iko, likawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Kadi ya chama si sharti. Atakayewadai kadi mwulizeni kifungu.

Mko saba, idadi inatosha, maana kikundi ni kuanzia watu watano. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaelekeza kwenye katiba, usajili, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi. Andiko lisiwatishe. Linauliza mtafanya nini, kwa gharama gani, mtalipaje. Ninyi mnajua bei ya tenga la nyanya msimu wa mvua na msimu wa kiangazi kuliko anayelisoma, basi ziandikeni bei zote mbili. Ombeni kiasi ambacho hata mwezi mbaya mtaweza kurejesha. Niliona vikundi vilivyopewa fedha vikagawana sawasawa siku hiyohiyo, kila mmoja akaenda na lake, na mwezi wa tatu hakuna aliyeshika simu ya mwenzake. Wekeni mradi mmoja mnaouona wote kwa macho, pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mzigo kutoka Ilala, kwa mfano, na mkubaliane kwa maandishi nani anashika hela.

Na kama kati yenu kuna mwenye deni la mikopo ya haraka ya mtaani, ile wanayoita kausha damu, limalizeni au mlijadili kabla ya kuomba. Fedha ya kikundi ikiingia, mdai wake ndiye atakuwa wa kwanza kufika sokoni.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni fundi simu Manzese, natumia kiti cha magurudumu. Nataka mkopo wa ile asilimia 2 ninunue mashine ya kubadilishia vioo. Naambiwa bila kikundi sipati.
*Fundi, Manzese*

JIBU: Marahaba. Mtu mwenye ulemavu anaruhusiwa kuomba peke yake. Halmashauri yako ni Manispaa ya Ubungo, dawati lako ni lilelile la maendeleo ya jamii. Peleka barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, na karatasi ya bei ya mashine kutoka kwa muuzaji wa Kariakoo. Orodhesha na simu ulizotengeneza mwezi uliopita, zile zilizokushinda kwa kukosa mashine ziwe na safu yake. Ofisi ikiwa ghorofani na huwezi kupanda, afisa ashuke chini akuhudumie.